Jioni za Barazani Muhima

Muhima, Kigali
Jumapili, 11 Desemba 1994

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia kutoka kwenye ngazi za nje, mvua imekatika sasa hivi na watoto wamelala. Vipi mgongo, unakuacha ulale? Na goti je, bado linakubishia ukitoka kanisani? Kaka Mutsinzi ameacha kukohoa? Nimesikia maharage yamekubali mwaka huu huko Karagwe na kwamba ng'ombe wako mwekundu amezaa jike. Nilifurahi kama vile nimezaa mimi. Sisi huku wote tu wazima. Shyaka anakwenda kazini kwake kwenye ofisi ya maji, anarudi na matope hadi magotini, anakula, anasinzia akiwa ameshika kijiko. Shami amejifunza kuongea Kinyarwanda cha mjini na ananisahihisha mimi. Mdogo wake ameota meno mawili ya mbele na anauma kila anayemkaribia.

Mutsinzi atacheka tena kwamba Mnyarwanda anamwandikia mama yake Kiswahili. Mwache acheke. Wewe na mimi tunajua kwamba hiki ndicho ulichosomea kwenye darasa la watu wazima pale Kayanga, nami nikiwa darasa la pili, tukigombea kibatari kimoja. Barua hii nataka uisome mwenyewe, polepole, pasipo mtu wa kukusomea. Kuna neno nitakalolifikia, lakini siwezi kulisema kabla hujajua lilikotoka. Nivumilie.

Kupitia kwa Théoneste, yule dereva wa lori, uliniuliza kama ninalala vizuri, maana shangazi yake Shyaka alikuambia nimekonda. Wakati ule nilimtuma akujibu kwamba ni hewa ya milima. Haikuwa hewa, Mama. Tulipofungua shule mwezi wa tisa nilianza kupatwa na kitu ambacho sikuwa nakijua. Nasimama mbele ya watoto, chaki mkononi, neno nimeliandika nusu, ghafla kifua kinabana na moyo unakimbia kama wa mtu anayefukuzwa. Naegemea ubao mpaka kinapita. Usiku naamka, nasikiliza, sijui nasikiliza nini. Sikumwambia mtu. Niliona aibu. Sisi tulikuwa Tanzania, hatukuona kwa macho yetu waliyoyaona waliokuwa humu wakati wa mauaji. Nikajiuliza, mimi naumwa kwa haki gani?

Aliyenishtukia ni Spès. Huyu ni mwalimu mwenzangu, mrefu, mwenye sauti nzito, amekulia Bujumbura kwa wazazi waliokimbia mwaka ule ule mliokimbia ninyi. Siku moja tulikuwa kwenye chumba cha walimu, upepo ukaupiga mlango ukajifunga kwa kishindo. Mwalimu mmoja, mama mtu mzima, akawa tayari yuko chini ya meza. Hakuna aliyecheka. Alitoka, akajipangusa magoti, akaendelea kusahihisha madaftari. Tulipokuwa tunarudi nyumbani Spès aliniambia kwamba shule nzima walimu wanawake wamezuia pumzi, na mimi nikiwa mmoja wao, na kwamba mtu hawezi kuishi hivyo akafika mbali. Akasema kwao Bujumbura jirani yao alikuwa mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, na kila asubuhi kabla ya kufungua duka yule mama alikaa sakafuni, akajinyoosha taratibu, akapumua, akanyamaza. Aliiita yoga. Spès alipokuwa msichana mwenye kuumwa kichwa kila wiki, yule mama alimketisha kando yake akamfundisha.

Mimi nami sikutaka kushindwa. Nikamwambia chuoni nilisomea michezo na ninalojua ni mchakamchaka: mwili ukichoka, mawazo nayo yanachoka. Tukakubaliana tuwaite walimu wenzetu na majirani wanawake waje nyumbani kwangu baada ya shule, kwa sababu nyumba hii ina baraza pana ya saruji upande wa mbele, na uwanja ambao geti lake linafungika. Walikuja wachache. Alikuwapo Mama Audace, anayeuza mboga sokoni Nyabugogo na ambaye shingo ilikuwa imekakamaa hata akitaka kugeuka anageuza mwili wote. Niliwapanga mistari miwili, nikafungua geti, nikaweka filimbi yangu ya shule mdomoni, nikapuliza, tukatoka mbio barabarani tunaimba kama asubuhi za Kayanga.

Mama, sijui niliwaza nini. Hatukufika hata kwenye kona. Milango ilianza kufungwa upande huu na upande ule. Mwanamke aliyekuwa anaanua nguo alizitupa chini akakimbilia ndani. Nyuma yangu wimbo ukafa, nikageuka nikaona wenzangu waliokuwa humu wakati ule wamesimama kama miti, mmoja amejiziba masikio. Na kwenye mtaro, karibu kabisa na geti langu, alikuwa amelala mwanamke, kifudifudi, mikono kichwani.

Nilishuka mtaroni nikamgusa bega. Nilimwambia ni mimi tu, mwalimu, ni mazoezi tu. Ilichukua muda kabla hajainua uso. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, kitambaa cha kijani kichwani. Hakunitukana. Alisema kwa kile Kiswahili chao cha hapa, kwa sauti ndogo sana:

"Mwalimu, hiyo firimbi uitupe. Hapa walikuja na firimbi, walikuja na kuimba, walikuja mbio. Iko watu hawatalala leo juu ya hiyo firimbi."

Nilimwingiza ndani, nikampa maji, nikamfuta matope. Alikunywa, akatazama baraza, akatazama uwanja, akaniuliza kama na yeye anaweza kuja siku nyingine, ikiwa hatutakimbia. Jina lake aliniambia ni Mukasine.

Jioni ile nilipita nyumba hadi nyumba kuomba radhi, Spès akiwa pamoja nami, kwa kuwa Kinyarwanda chake hakina makosa kama changu. Wengi walisema si kitu. Mzee Eustache, fundi viatu wa kona, alisema tu, "Mwihangane," yaani poleni, akaendelea kushona, nami sikujua ni nani kati yetu aliyepaswa kumpa pole mwenzake. Nilirudi nimeamua kuacha. Ni Spès aliyekataa. Alisema kwamba yule mwanamke hakuniambia niache, aliniambia nisikimbie.

Basi tukaanza upya, Spès mbele na mimi nyuma yake nikiwa mwanafunzi. Tunaingia, tunafunga geti, tunavua viatu. Kila mmoja anatandika mkeka au kitenge. Kwanza tunazunguka uwanja kwa kutembea tu, bila haraka, kila mtu akisikiliza nyayo zake zinavyogusa ardhi. Halafu tunajinyoosha: mikono juu, kiuno kulia, kiuno kushoto, magoti kifuani. Mwanzoni walicheka sana. Mama Audace alisema akionekana na wateja wake ameinua miguu hivi hatauza tena hata fungu la dodo, huu mchicha wa hapa. Mwisho tunalala chali na kupumua, na Spès anasema mambo machache kwa sauti yake nzito, kwamba sikio lisikie lililo karibu, ngozi isikie saruji, wazo likija liache lipite kama mtu anayepita barabarani, si lazima umkaribishe ndani.

Siku za kwanza wengine hawakuweza kufumba macho. Spès hakuwalazimisha. Alisema anayetaka alale macho wazi, anayetaka akae ameegemea ukuta, anayetaka kulia alie, hatutamzunguka kumtazama. Ikawa hivyo. Mmoja analia, mwingine anapumua, mwingine amesinzia anakoroma, na jua linashuka upande wa Nyabugogo. Watu hapa wana neno kwa mtu aliyeshikwa na hofu ile ya ghafla, wanasema amehahamuka. Mukasine ndiye aliyenieleza: ni mtu ambaye pumzi imemtoka na haijui njia ya kurudi. Nilipolisikia nilielewa kwa nini kazi yetu yote ni pumzi.

Maneno hayakukosekana. Ilisemwa kanisani kwamba tunafanya dini ya Kihindi na kwamba tunasujudia jua. Mama mmoja wa kwaya alikuja kutuchunguza akiwa na rozari mkononi. Spès alimwambia alale chini na rozari yake, na kila akivuta pumzi aseme neno lake analolijua. Alilala, akasali, akapitiwa na usingizi, tukamwamsha giza likianza kuingia. Sasa yeye ndiye anayefika wa kwanza. Shyaka naye alikuwa akirudi kazini anatukuta tumelala safu nzima, anaruka miili kwa ncha za vidole, anakwenda jikoni kujipakulia. Alituita "chama cha waliolala". Lakini siku moja nilimsikia akimwambia rafiki yake kwamba mke wake ameanza kucheka tena.

Ni kweli, Mama. Sisemi kwamba kuna kilichofutika. Yaliyotokea hapa hayafutiki kwa mkeka. Lakini kifua changu kimefunguka. Shingo ya Mama Audace inageuka. Yule mwalimu wa chini ya meza bado anashtuka mlango ukigonga, ila sasa anasimama pale pale alipo, anaweka mkono tumboni, anapumua, anaendelea. Na wewe ulisema huna usingizi, kwa hiyo fanya hivi usiku wa leo. Lala chali, weka mto chini ya magoti ili mgongo usikusumbue. Weka mkono mmoja kitovuni. Vuta hewa kwa pua mpaka mkono uinuke wenyewe, halafu iache itoke taratibu kama unapuliza uji wa mtoto. Usihesabu. Ukianza kuwaza ng'ombe, rudi kwenye mkono. Usimwambie Mutsinzi, atasema nimekufundisha uchawi.

Sasa nisogee kwenye lile neno.

Mukasine hakukosa hata siku moja. Alikuja mvua inyeshe, isinyeshe. Nilikuwa sijui anakaa wapi mpaka Spès alipomwuliza, akasema anakaa Kagugu kwa binamu yake, pamoja na Umutoni, binti wa dada yake, ambaye ndiye aliyebaki kwenye ukoo wao. Kagugu ni mbali, Mama, ni vilima na mashamba kule kaskazini. Tulishangaa mtu atembee vile kwa ajili ya kulala chini, tena arudi kabla ya giza. Alisema miguu yake imezoea. Hakuwa msemaji. Alitandika kitenge chake mahali pamoja daima, mwisho wa baraza karibu na mlango wa stoo, akalala, akafumba macho kabla ya Spès kusema lolote. Kati yetu wote, ndiye aliyekuwa anatulia upesi zaidi. Spès alisema amezaliwa na kipaji hicho.

Unakumbuka barua ya mwezi wa kumi niliyokuandikia habari za nyumba hii. Nilikusifia vyumba, bomba uani, mti wa parachichi. Nilikuambia tulipofika Agosti tuliikuta haina milango, bati limetobolewa, na mkubwa mmoja akatuambia tuingie kwa kuwa wenyewe hawapo. Tuliuliza majirani, wakasema hakuna aliyesalia. Tukaingia kama wengine wote walivyoingia kwingine. Shyaka akatengeneza bati kwa mikono yake. Na nilikuahidi kwamba baada ya Krismasi Mutsinzi akuvushe mpakani Rusumo uje ukae kwetu, kwenye chumba chako mwenyewe, ambacho Shyaka angekifanya kwa kuvunja ukuta kati ya stoo na kile chumba kidogo cha pembeni. Najua umekwisha kuwaambia watu wa Kayanga. Najua umeanza kugawa vyombo.

Jumamosi moja fundi alikuja na nyundo. Ilikuwa jioni yetu ya mazoezi, lakini Shyaka alikuwa na haraka, akasema tujinyooshe tu, wao watapiga ndani. Aliutania ule ukuta mbele ya wote. Alisema aliyeujenga alikuwa amelewa, maana umepinda kama mgongo wa ngamia, na kuuvunja ni kuusaidia. Wanawake wakacheka. Fundi akapiga mara ya kwanza, tofali likaanguka.

Mukasine alikuwa amelala. Aliinuka, akaingia ndani bila kuvaa viatu, akasimama kati ya fundi na ukuta. Hakupaza sauti. Alisema:

"Umepinda kwa sababu Silvère hakuwa fundi. Alikuwa karani. Aliujenga Jumamosi na Jumamosi, mimi nikimchanganyia udongo. Niachieni huo ukuta."

Mama, nilisimama mlangoni nikahisi sakafu si yangu. Na kweli haikuwa yangu.

Spès aliwaaga wenzetu polepole, akawatoa, akafunga geti. Tulibaki sisi na Mukasine jikoni. Shyaka alimwuliza kama ana karatasi za nyumba. Alijibu kwamba karatasi zilikwenda na vingine vyote, lakini mzee Eustache wa kona alikuwapo siku yeye alipoletwa hapa akiwa bibi harusi. Shyaka akatoka kwenda kumwuliza. Mimi nilimwuliza kwa nini hakusema tangu mwanzo, siku ile nilipomtoa mtaroni, tena mbele ya geti lake mwenyewe. Alivuta pumzi kama anavyotufundisha Spès, kisha akasema alikuwa amepita pale siku nyingi kabla ya ile, anasimama ng'ambo ya barabara, anatazama nguo za watoto wangu kwenye kamba, anarudi Kagugu. Alikuwa amesikia habari za waliobisha hodi kwenye nyumba zao wakaulizwa wao ni nani, wengine wakatishiwa maisha. Hakuwa na nguvu ya ugomvi. Halafu akasema maneno ambayo sitayasahau:

"Niliogopa kwamba ukinijua hutanifungulia tena geti. Nikilala pale mlangoni pa stoo nikifumba macho, nilikuwa najua niko wapi. Hiyo ilinitosha."

Alikuwa anakuja kulala kwenye sakafu yake, Mama. Anatembea kutoka Kagugu kuja kulala kidogo kwenye nyumba yake, kisha ananishukuru kwa kumkaribisha, na mimi namwambia karibu tena.

Shyaka alirudi kutoka kwa Eustache. Mzee alikuwa amemwambia kwamba ni yeye, mke wa Silvère karani, na kwamba alikuwa amemwona akipita na kitambaa kichwani ila hakuyaamini macho yake, kwa kuwa alikuwa amekwisha kumwombea kama marehemu. Tulimsindikiza Mukasine kwa Spès akalale huko, kwa kuwa jua lilikuwa limezama. Tulipobaki wawili, Shyaka alikasirika. Sitakuficha. Alisema bati ni lake, milango ni yake, jasho ni lake. Alisema mji mzima watu wamekaa kwenye nyumba za watu, kwa nini sisi. Akasema na mama yako je, tutamlaza wapi, tumwambie nini? Sikumlaumu. Mtu aliyezaliwa kambini akapata mlango wake wa kwanza akiwa na miaka thelathini na mitano hawezi kuuachia kwa neno moja.

Nilimweleza habari yako. Sijui kama nilikuwa nimewahi kumsimulia. Kwamba mlipojificha kanisani kabla ya kuvuka, ulitoroka asubuhi moja kurudi kuchukua blanketi la mtoto, ukafika kwenye ua wako ukakuta nguo za mwanamke mwingine zimeanikwa kwenye kamba yako, na moshi unatoka jikoni kwako. Kwamba hukubisha hodi. Ulirudi bila blanketi, na miaka yote ile Karagwe, ulipokuwa unasimulia, hukulia kwa ajili ya nyumba wala ng'ombe, ulikuwa unauliza swali moja tu: yule mwanamke alipokuwa anaanika, alikuwa anajua? Nilimwambia Shyaka kwamba mimi sasa najua. Kabla ya leo nilikuwa sijui, na kuanzia leo najua, na kila nitakapoanika nguo nitakuwa ninajua.

Alitoka akakaa barazani. Asubuhi nilipoamka nilimkuta kwenye stoo amechanganya udongo, ameokota lile tofali, analirudisha mahali pake. Alikuwa anahangaika kulipanga lipinde sawasawa na mengine.

Tulikwenda wote wawili kwa Spès. Shyaka ndiye aliyesema. Alimwambia Mukasine kwamba nyumba ni yake, kwamba tunaomba muda mfupi wa kutafuta pa kwenda, na kwamba anamwomba radhi kwa alivyoutukana ukuta wa mume wake. Mukasine alicheka, Mama. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka. Alisema hata yeye alikuwa anamwambia Silvère kwamba umepinda, na Silvère alikuwa anamjibu kwamba ni macho yake. Kisha akasema hataki kulala peke yake na Umutoni kwenye vyumba vyote vile, hawezi bado. Uani kuna nyumba ndogo ya nyuma, vyumba viwili. Tukae humo na watoto mpaka tutakapojenga au kupata kwetu, hata ikichukua muda.

Basi ndilo neno lenyewe. Nyumba niliyokusifia si yetu. Chumba nilichokuahidi hakipo, na hakitakuwapo. Tumehamia nyumba ya nyuma wiki hii. Ni padogo, kitanda chetu kikiingia mlango haufunguki wote, na ukipika watoto wanapiga chafya. Lakini nitakuambia jambo usilolitegemea: usiku wa kwanza humo nililala mpaka asubuhi, na Shyaka ndiye aliyeniamsha akiniuliza kama shule imefungwa.

Jioni zetu zinaendelea pale pale barazani, ila sasa tunabisha hodi, na mwenye nyumba anatufungulia. Spès amemwachia Mukasine sehemu ya mwisho ya kulala na kupumua. Hasemi mengi. Anasema tu, "Mko nyumbani, mko salama, vuteni hewa," na anayeisikia sauti ile akaisadiki hahitaji mafundisho mengine. Umutoni amemzoea mdogo wake Shami, anambeba mgongoni huku anajinyoosha, na ameng'atwa mara mbili begani wala halalamiki.

Nilimweleza Mukasine kwamba nakuandikia, na kwamba naogopa utavunjika moyo kwa kuwa ulikuwa unarudi kwenye nchi uliyoiacha ukiwa kijana, nami sina chumba cha kukuwekea kitanda. Aliniuliza mgongo wako ukoje, unapenda kulala upande gani, na kama unaweza kupanda ngazi. Nilidhani anauliza kwa adabu tu. Jana nimekuta amehamisha vitu vyake kutoka chumba kile cha mbele kinachopata jua la asubuhi, amekipiga deki, ametandika. Alisema nikuandikie kwamba hakuna ulichonyang'anywa, uje kama ulivyopanga. Akasisitiza nisije nikaandika kwamba ni mimi ninayekuita. Niandike kwamba ni yeye, Mukasine, mwenye nyumba, ndiye anayekukaribisha nyumbani.

Nisalimie Mutsinzi, na umwambie abebe blanketi zito kwa ajili ya baridi ya njiani. Nisalimie majirani wote wa Kayanga, na wale uliokwisha kuwaahidi vyombo wape, usivirudishe. Shyaka anakuamkia. Spès, asiyekujua, anakuamkia pia. Shami anasema shikamoo bibi, na kwamba ng'ombe mdogo asipewe jina mpaka yeye alichague. Mungu akulinde barabarani, na akulaze vizuri hadi siku tutakapoonana.

Ni mimi mwanao akupendaye,

Gahongayire